Uzi wa visu vya kukunja vya fundi umeme: TL-29 na jamaa zake, tukague kipande kwa kipande

MsasaLaini (mleta uzi)

Wakuu, kila mada ya visu vya zamani ikifunguliwa maswali ni yaleyale: hiki ni halisi? Kimenolewa sana? Nikisugue au nikiache? Visu vya fundi umeme vinahitaji uzi wao, maana vina tabia ambazo kisu cha kawaida cha mfukoni hakina.

Mfano mkuu hapa ni TL-29 ya Marekani. Namba hiyo ilitolewa na Signal Corps, kikosi cha mawasiliano cha jeshi. Kikifungwa kina urefu wa takriban milimita 95. Bapa ni mbili na zote zinafungukia upande mmoja: moja ya kukatia, yenye ncha ya mkuki, nyingine ni bisibisi bapa yenye ukingo wa kukwangulia waya. Loki iko kwenye bisibisi peke yake. Ubapa wa kukatia unashikwa na springi tu. Upande wa pili wa mpini kuna pete ya kufungia kamba. Kwenye seti ya zana TE-33 kisu hiki kilikaa ndani ya mfuko wa ngozi CS-34 pamoja na plaiza TL-13-A. Waliokitengeneza ni wengi: Camillus, Ulster, Imperial, Utica kwa jina la Kutmaster, Schrade, Pal na wengine. Viwanda hivyo viliuza pia muundo uleule kwa raia, bila namba ya jeshi.

Ili tusipishane: *gamba* ni kipande cha mbao, mfupa au plastiki kinachofunika mpini. *Kichwa* ni kile kipande cha metali kwenye mwisho wa mpini. *Kitako* ni shina la ubapa, pale pini inapopita na chapa inapogongwa. *Kisigino* ni kile kijino cha chini ya kitako kinachogusa springi kisu kikifungwa.

Sasa ukaguzi. Watu wengi hufungua ubapa mkubwa kwanza. Mimi nasema anza na bisibisi, kwa sababu ndiyo inayobeba historia ya mateso. Imefungua vifuniko vya makopo, imetumika kama patasi, imegongwa nyundo. Angalia haya:

Ncha iwe na pembe mbili kali na unene ulio sawa kutoka kona hadi kona. Kona moja ikiwa imeliwa, ilikuwa inasokota skrubu kubwa kuliko saizi yake. Kona zote mbili zikiwa kali mno huku mwili mzima una umri, ncha imesagwa upya. Mistari ya usagaji itakuambia: ya kiwandani inaelekea upande mmoja na inaenda hadi mwisho, ya grainda ya fundi inakuwa minene na inakatisha ile ya zamani. Ukiona rangi ya bluu karibu na ncha, chuma kilipata joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi kwenye jiwe la kusagia. Kiwanda hakikuacha bisibisi na rangi hiyo.

Kisha iangalie kwa mstari, jicho likiwa nyuma ya ncha. Bisibisi iliyojipinda itaonekana imeachana na ukingo wa mpini. Mpindo mdogo unaathiri loki hata kama haukusumbui machoni.

Ubapa mkubwa: pima kutoka ncha hadi ukingo wa kichwa, halafu pima upana katikati. Ukiwa na kisu kingine cha kiwanda hichohicho ambacho hakijanolewa, linganisha. Usipokuwa nacho, tumia ule mfuo wa kucha, mkato wa ubavuni unapoingiza ukucha kufungua ubapa: kadiri makali yanavyoukaribia, ndivyo chuma kilivyoliwa. Tazama pia karibu na kitako. Kinoo hakifiki vizuri pale, kwa hiyo kisu kilichonolewa miaka mingi kina tumbo lililoingia ndani mbele kidogo ya kitako. Na kwa kuwa ubapa ni kabari, ukipungua upana makali yanakuwa manene. Kisu kinanolewa, kinakata kucha, lakini kwenye waya kinakwama.

Mwisho springi. Mgongo wa springi utazamwe katika hali tatu: ubapa ukiwa wazi, nusu, na umefungwa. Kazi nzuri ya kiwanda inakaa usawa mmoja ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, katikati unaweza kunyanyuka kidogo.

Chapa naisoma mwisho kabisa, kwa makusudi. Ukiisoma mwanzo na ikawa jina zuri, macho yanaanza kusamehe.

---

Plaiza_Nane

Uzi safi mkuu. Swali: loki ya bisibisi unaipimaje bila kuiharibu? Kuna visu vinatoa mlio mzuri lakini ukisukuma kidogo vinajifunga.

---

BatiLaNdani

@Plaiza_Nane mlio hauthibitishi chochote. Mlio mkubwa ni wa springi ya mgongo, wala si wa loki.

Loki ya hivi visu ni ulimi uliokatwa kwenye bati la ndani, lile linalolala chini ya gamba, kwa kawaida brasi. Ukifungua bisibisi hadi mwisho, ulimi unaruka pembeni na kusimama nyuma ya kitako ili kisirudi. Kukifunga unausukuma ulimi kando kwa kidole gumba. Mfumo wa aina hii una hataza ya mwaka 1906 ya Watson na Chadwick, uliotumiwa na Cattaraugus Cutlery, kwa hiyo ni wa zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Sababu ya kuufunga upande wa bisibisi pekee inaeleweka: ukisokota skrubu unasukuma mbele, na msukumo ukienda pembeni bisibisi inakunjikia vidole.

Upimaji, kwa mpangilio huu:

1. Safisha kwanza. Sehemu kubwa ya loki "mbovu" ni uchafu. Grisi iliyokauka na pamba za mfukoni zinajaa nyuma ya ulimi, unashindwa kuruka wote. Kijiti cha meno na tone la mafuta ya mashine vinatosha.

2. Fungua polepole bila kusaidia ulimi kwa kidole. Tazama kwa lensi ya kukuzia umesimama wapi. Unatakiwa ufunike sehemu kubwa ya unene wa kitako. Ukishika ukingo tu, hiyo loki ni ya kuangalia, si ya kutumia.

3. Weka mgongo wa bisibisi juu ya ubao, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya kukunja, kisha kandamiza mpini taratibu. Usigonge. Unachotafuta ni ulimi kuteleza. Kugonga mgongo kwenye meza kama watu wanavyofanya na visu vipya kunauumiza bure ulimi wa brasi, ambao ni laini.

4. Tazama uso wa ulimi unaogusa kitako. Ukiwa wa mraba, salama. Ukiwa wa mviringo na unang'aa, umekwisha kuliwa.

Ulimi dhaifu unatokana na mambo mawili: kusukumwa kupita kiasi mpaka ukapoteza mkunjo wake, au kuliwa usoni. Wa kwanza unarekebishika kwa kuukunja kidogo kidogo kwa kipande cha mti mgumu, ukiupima kila mara. Lakini brasi iliyokunjwa mara nyingi inakuwa ngumu na kupasuka kwenye shina la ulimi, na ukipasuka hakuna kurudi. Wa pili, uliolika, usiurefushe kwa kuugonga nyundo. Utapata milimita nusu leo na ulimi uliopinda kesho.

---

Kona_ya_Kitako

Naongezea upande wa chapa na umri, maana ndiko watu wanakouziwa hadithi.

Namba TL-29 hukaa kwenye ngao ndogo ya chuma iliyozamishwa kwenye gamba, au hugongwa moja kwa moja kwenye gamba. Namba peke yake haisemi mwaka. Muundo huu ulitengenezwa kwa muda mrefu, kwa hiyo "TL-29 ya Vita ya Pili" ni dai linalohitaji ushahidi wa pili na wa tatu.

Ushahidi wa pili ni jina la kiwanda. Schrade ilianza 1904 huko Walden, New York. Chapa ya Schrade-Walden ni ya baada ya kampuni kuuzwa katikati ya miaka ya 1940, na ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo Schrade-Walden inayotangazwa kuwa ya 1942 imejikana yenyewe. Remington ilitengeneza visu kuanzia 1920 hadi 1940, kisha mitambo ikaenda Pal. Pal ikaishia 1953. Imperial Schrade ilifunga 2004, Camillus 2007, na majina yote mawili yakanunuliwa na kuendelea kugongwa kwenye visu vilivyotengenezwa kwingine. Ukiona jina la Camillus pamoja na maneno ya China, kinaweza kuwa kisu kizuri cha kazi lakini hakiingii kwenye mada hii.

Kwa visu vya Ujerumani, jina Solingen limelindwa kisheria tangu 1938. Maneno "West Germany" yanakuweka kati ya 1949 na 1990. Na bidhaa zilizoingia Marekani zililazimika kuonyesha nchi zilikotoka kuanzia 1891, kwa sheria ya ushuru ya McKinley ya mwaka uliotangulia.

Ushahidi wa tatu ni gamba. Delrin, ile plastiki ngumu inayoiga mfupa, DuPont waliianza kibiashara mwaka 1960. Gamba la Delrin kwenye kisu "cha vita" lina maana mbili tu: kisu si cha vita, au gamba si lake.

Kusoma chapa iliyofifia: kurunzi iweke chini kabisa, mwanga upite karibu sambamba na chuma, ndipo herufi zinapata kivuli. Ikigoma, paka unga wa chaki, futa juu kwa kitambaa kikavu, unga utabaki kwenye mifuo. Njia ya tatu ni karatasi nyembamba na penseli laini, unasugua juu yake. Usipake asidi. Usipitishe msasa. Herufi za chapa mara nyingi zina kina kidogo sana na ndicho kitu cha kwanza kufutika.

---

Tupa_Mviringo

@Kona_ya_Kitako umesema gamba la Delrin. Mtu wa kawaida atalitofautishaje na mfupa? Wengine wanasema choma kwa sindano ya moto.

---

Kona_ya_Kitako

Sindano ya moto achana nayo. Inaacha tundu la kudumu, na ikiwa gamba ni seluloidi, ile plastiki ya zamani, unashika moto mkononi. Hiyo si lugha ya mafumbo, seluloidi inawaka haraka sana.

Lensi ya mara kumi inatosha. Mfupa wa kweli una vinukta na vistari vyeusi vidogo, ni mirija ya damu ya mnyama, na hutawanyika bila mpangilio. Delrin haina hata kimoja. Nakshi zake za kuchimbwa zinafanana upande wa kushoto na kulia kwa sababu zimetoka kwenye mtambo wa kumiminia. Tazama pia pini: kwenye baadhi ya visu vya Delrin, gamba limeshikwa kwa vishikizo vilivyofinyangwa kwa nyuma, na "vichwa vya pini" unavyoviona juu ni mapambo tu, havipenyi.

Sumaku nayo itembee nawe. Vichwa vya nikeli silva (aloi ya shaba, nikeli na zinki) na mabati ya brasi havivuti. Vichwa vya chuma vinavuta. Kama kichwa kimoja kinavuta na kingine hakivuti, huenda kisu kimeunganishwa kutoka visu viwili.

---

Kinoo_Kikavu

Tufike kwenye ugomvi wa kila siku: kusafisha.

Msimamo wangu: ondoa kutu nyekundu, acha kila kitu kingine. Kutu nyekundu inaendelea kula. Ule weusi wa kijivu au wa kahawia uliolala juu ya chuma chenye kaboni ni ngozi iliyotulia, na ukiuondoa unaondoa umri, unalainisha kingo za chapa, na unakiacha chuma uchi kianze kutu upya.

Kazi yenyewe:

Vuta mafuta mepesi ya mashine kwa sirinji na uyadondoshe kwenye maungio, matone mawili au matatu kila ungio. Fungua na funga ubapa mara ishirini, futa uchafu mweusi unaotoka, rudia mpaka mafuta yatoke safi. Mara nyingi inachukua mizunguko minne au mitano, na kisu kigumu sana kinataka kulala na mafuta saa 24 kikiwa kimesimama, maungio chini, ili mafuta yasipande kwenye magamba. Mfupa na mbao vikinywa mafuta vinabadilika rangi na havirudi.

Kisu kikikwama, usikivute kwa plaiza kwenye mfuo wa kucha. Mfuo unavunjika ukingo, na alama za meno ya plaiza zinaonekana kutoka mbali. Mafuta, subira, na kipande cha ngozi kushikia mgongo wa ubapa.

Kutu nyekundu: tone la mafuta, subiri, kisha kwangua kwa kipande cha shaba au brasi. Shaba ni laini kuliko chuma cha ubapa, inaondoa kutu bila kuchora. Ikibaki, stili wulu (pamba ya chuma) namba 0000 yenye mafuta, kwa mkono mwepesi, ukifuata mistari ya usagaji ya kiwandani. Usiikatishe. Eneo la chapa lisiguswe na stili wulu hata kidogo.

Siki, asidi ya limau na vinywaji vya kola vinaondoa kutu, ndiyo, na vinaondoa kila kitu kingine pia. Tena vinaingia kwenye mianya kati ya bati na springi ambako huwezi kuvisuuza, kutu inaanzia ndani usikokuona. Kuondoa kutu kwa umeme ndani ya maji nako ni kwa chuma kilichotenganishwa. Kisu chenye magamba, brasi na pini hakiingii humo.

---

MsasaLaini (mleta uzi)

Naunga mkono, ila kwa sharti moja. Magamba ya mbao yaliyokauka nayo yanahitaji kitu. Nta kidogo, ile ya kuhifadhia vitu vya makumbusho, inatosha. Na asije mtu akapiga msasa gamba la mbao ili "liwe usawa" na kichwa. Mbao imepungua kwa ukavu, kile kichwa kilichojitokeza ni dalili ya kawaida ya umri. Ukiisawazisha unafuta namba iliyogongwa, na ukishamaliza huwezi kuirudisha.

---

Nge_wa_Shaba

Kuna jambo moja hamjaligusa na ndilo linaloua makusanyo mazima: seluloidi.

Seluloidi ni nitrati ya selulosi iliyochanganywa na kafuri. Baadhi ya visu vya raia vya fundi umeme vilipata magamba haya, hasa yale ya rangi na ya kuiga gamba la kobe. Ikizeeka inaanza kuvunjika na kutoa gesi za oksidi za naitrojeni. Gesi ikikutana na unyevu inakuwa asidi ya naitriki. Asidi hiyo inakula ubapa wa kisu chake, halafu inakula vya majirani kwenye sanduku.

Dalili zake zina mpangilio. Kwanza kutu inatokea kwenye ubavu wa ubapa unaolala karibu na gamba, huku ncha iliyo mbali ikiwa safi. Kutu ya kawaida haichagui upande namna hiyo. Kisha brasi inaota kijani karibu na pini. Kisha gamba lenyewe linapata mipasuko midogo kama mtandao, linasinyaa, linaachana na kichwa. Harufu ya kafuri ikiwa kali ukifungua sanduku, mmoja wao ameanza.

Tiba haipo. Kinachofanyika ni kukitenga: kisu peke yake, mahali penye hewa, baridi na ukavu, bila mfuko wa plastiki wala kopo lililobana. Kufunga hewa kunairudisha asidi kwenye kisu. Usisafishe kwa asetoni, inayeyusha seluloidi. Spiriti nayo usiikaribishe.

---

Plaiza_Nane

Kuhifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi je? Seti kamili na CS-34 inapendeza sana kwenye rafu.

---

Nge_wa_Shaba

Inapendeza kwa siku ya kupiga picha. Ngozi ina mabaki ya kemikali za uchunaji na mafuta, inanyonya unyevu na kuukumbatia kwenye chuma. Utaona ute wa kijani unaota kwenye brasi na nikeli silva, na mstari wa kutu unaofuata ukingo wa mfuko. Weka mfuko upande mmoja wa rafu, kisu na plaiza upande mwingine. Unyevu wa hewa ukae asilimia 40 hadi 50. Chini zaidi ya hapo chuma kinafurahi lakini mfupa na mbao vinapasuka. Jeli ya silika inafaa kwenye droo, mradi humo hamna seluloidi iliyofungiwa.

---

Waya_Mwekundu

Samahani wakuu, mimi si mkusanyaji, ni fundi. Hivi vinaweza kufanya kazi bado? Na vipi kwenye waya wenye moto?

---

BatiLaNdani

Kwenye waya wenye moto hapana, bila mjadala. Kutoka ncha ya ubapa hadi pete ya kamba ni chuma kimoja kinachoendelea: kitako, pini, bati, kichwa, pete. Mbao ya gamba si kinga, kidole chako kinagusa springi ya mgongo muda wote. Zana za kazi hiyo zinatengenezwa kwa kiwango cha IEC 60900, hadi volti 1000 za mkondo geu na 1500 za mkondo mnyoofu, na zina alama yake. Hakuna kisu cha zamani cha kukunja kilicho nacho.

Kwenye waya uliozimwa na kupimwa, kinamenya vizuri kikiwa na makali. Laza ubapa karibu usambae juu ya waya na uchonge ukielekea mbali nawe, kama unavyochonga penseli. Usizungushe makali kwa pembe ya mraba kuzunguka waya. Hapo unaacha mkwaruzo wa duara kwenye shaba, na waya utavunjikia hapohapo siku ukikunjwa. Ukingo wa kukwangulia kwenye bisibisi una kazi tofauti: kukwangua shaba mpaka ing'ae kabla ya kusokota na kulehemu kwa risasi. Waya za zamani zilikuwa na mpira na nguo juu yake, mabaki yalinata kwenye shaba, na risasi haishiki juu ya uchafu. Ndiyo maana ukingo huo unatakiwa uwe na kona kali, wala si makali ya kukatia. Mtu akiunoa kama kisu ameuharibu.

---

Tupa_Mviringo

Ubapa unaochezacheza kushoto na kulia, kuna njia ya kuukaza?

---

Kinoo_Kikavu

Ipo, na ndiyo inayoharibu vichwa vingi kuliko kutu.

Pini ya ungio imepanuliwa ndani ya kichwa na kusagwa mpaka isionekane. Kuikaza ni kuipanua tena: kichwa cha chini kikae juu ya chuma chenye uso laini na bapa, ubapa uwe nusu wazi, panchi ya brasi isimame katikati ya pini, pigo jepesi moja, jaribu, geuza, pigo jingine. Ukizidisha, ubapa unakuwa mvivu, haurudi kwa nguvu ya springi, na kupunguza ni vigumu kuliko kukaza.

Kwa kisu cha kukusanya sishauri. Mchezo mdogo ni wa kawaida, hasa upande wa bisibisi. Nikitazama kisu cha mwingine natafuta alama za jambo hilihili: duara linaloonekana kwenye kichwa pale pini ilipo, bonde dogo, au mng'aro mpya wa eneo moja tu. Duara jembamba peke yake linaweza kuwa la umri. Duara pamoja na bonde ni nyundo.

---

Waya_Mwekundu

Na springi ikiwa imepasuka?

---

Kinoo_Kikavu

Tazama kwa upande wa ndani, karibu na pini ya katikati, ndipo inapopinda zaidi na ndipo ufa unapoanzia. Mstari mweusi unaokatisha unaweza kuwa uchafu, upitishie kijiti chenye mafuta. Ukitoka ni uchafu. Ukibaki na mafuta yakajipenyeza humo ni ufa, na kila ukifungua kisu unaurefusha. Kubadilisha springi ni kutoa pini zote, na pini zilizopanuliwa hazitoki bila kuharibiwa. Baada ya hapo una kisu kilichotengenezwa upya. Si aibu, lakini mnunuzi aambiwe.

---

Jicho_la_Kumi

Naleta visu vya Uswisi kidogo, maana kuna watu hawavitambui kama jamaa wa ukoo huu. Victorinox wana Electrician ya milimita 93 yenye magamba ya Alox, yaani aluminiamu iliyowekewa ngozi ngumu kwa umeme. Ina ubapa mkubwa, ubapa mfupi wa kebo, sindano ya kutobolea na bisibisi yenye kifungua chupa na pengo la kumenyea waya. Chuma chake hakishiki kutu kirahisi, kwa hiyo ukaguzi unahama: tafuta mikwaruzo kwenye nakshi za Alox, ncha ya sindano iliyovunjika na kunolewa upya, na ubapa mfupi ulioliwa. Huo ndio unaofanya kazi ya kebo kila siku, unaisha wakati ubapa mkubwa bado una upana wake.

---

Kona_ya_Kitako

Nirudi kwenye TL-29 kwa jambo moja la mwisho upande wa udanganyifu: weusi wa kutengenezwa. Siki na kahawa vinatoa weusi ulio sawa kila mahali, hadi ndani ya mfuo wa kucha na juu ya kingo. Umri wa kweli hauko sawa. Pale kidole kinaposugua pana mng'aro, pale jasho linapokaa pana giza. Fungua ubapa nusu na umulike ndani kwa kurunzi. Kama nje pana mashimo ya kutu na ndani kitako kinang'aa kote kama kipya, kuna mtu amekitenganisha au amekizeesha kwa dawa.

Ngao ya TL-29 nayo ichunguzwe ukingo wake. Ya kiwandani imezama kwenye shimo lililochongwa kwa umbo lake, pengo ni jembamba na limejaa uchafu wa miaka. Iliyopachikwa baadaye ina gundi inayong'aa pembezoni, au shimo kubwa lililojazwa unga wa mbao.

---

Plaiza_Nane

Ombi: wenye visu visivyonolewa, wekeni vipimo ili wengine tulinganishe.

---

MsasaLaini (mleta uzi)

Wazo zuri. Mkiweka, tufuate utaratibu mmoja, vinginevyo namba hazitalingana. Kalipa, usomaji wa sehemu ya kumi ya milimita. Urefu wa ubapa ni kutoka ncha hadi ukingo wa kichwa, si hadi kitako. Upana upimwe chini ya mwisho wa mfuo wa kucha ulio karibu na ncha, maana ni sehemu isiyohama hata ubapa ukinolewa. Upana wa ncha ya bisibisi, na unene wake kwenye kona zote mbili. Mtaje chapa herufi kwa herufi pamoja na idadi ya mistari yake, aina ya gamba, na kama vichwa vinavuta sumaku. Picha tatu: pande mbili kikiwa kimefungwa, na moja bapa zote zikiwa wazi juu ya karatasi ya miraba ya milimita.